Kupunguza Kelele Ndani ya Gari kwa Gharama Nafuu

Magari mengi ya watu binafsi yanayotembea katika barabara za Tanzania yaliagizwa kutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika huko kwa miaka kadhaa. Gari la namna hiyo hufika bandarini likiwa zima, lakini raba za milango yake zimeanza kukakamaa, vibanio vya plastiki vimelegea, na zulia la sakafuni limeshindiliwa na miguu ya waliotangulia. Baada ya miaka michache ya barabara za vumbi na matuta, mwenye gari hujikuta akipaza sauti ili asikiwe na aliyeketi kando yake. Safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma humwacha na uchovu ambao hausababishwi na usukani peke yake.

Hapo ndipo huanza safari ya dukani. Mnunuzi huonyeshwa mikeka meusi yenye mgongo wa alumini inayong'aa, na kuambiwa kwamba ni "ya kuzuia sauti". Bei hutofautiana sana, sura hufanana, na maelezo aghalabu huwa machache. Miongoni mwa mikeka hiyo imo iliyotengenezwa kwa ajili ya magari, na imo pia iliyotengenezwa kuzibia mapaa ya nyumba yanayovuja. Zote hubandikika. Moja hudumu, nyingine huanza kutiririka mlangoni jua linapokuwa kali.

Somo hili limekusudiwa kumsaidia mlaji kutofautisha nyenzo hizo, kununua kiasi kinachotosha badala ya kile anachoshawishiwa kununua, na kuepuka makosa yanayoweza kuhatarisha usalama wake. Msingi wake ni mmoja: kelele za gari hazina chanzo kimoja, kwa hiyo hakuna nyenzo moja iliyo dawa ya zote. Anayenunua kabla ya kujua kelele yake inatoka wapi hununua gizani.

Kelele huingiaje garini?

Kelele hufika sikioni mwa abiria kwa njia tatu.

Njia ya kwanza ni mtetemo wa bati. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, na mlango wa gari ni debe hasa: bati jembamba, pana, lisilo na kitu cha kulituliza. Tairi zinapogonga barabara, mtetemo hupanda kwenye bodi, na bati hilo huuimba kama ngozi ya ngoma. Ukiligonga kwa kifundo cha kidole, hulia kwa mwangwi.

Njia ya pili ni hewa. Palipo na upenyo, sauti hupita pamoja na upepo. Upenyo mdogo una madhara makubwa kuliko tunavyodhani: ukuta wenye nyufa zinazofikia asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kuzuia zaidi ya desibeli 20 hivi za sauti ya nje, hata ukuta wenyewe uwe mzito kiasi gani.

Njia ya tatu ni kupenya. Sauti ya nje hulisukuma bati au kioo, nacho huipitisha ndani. Kinachozuia njia hii ni uzito. Ndiyo maana kelele za chini, kama mngurumo wa tairi kwenye lami iliyoparuzika, ni ngumu kuzizuia, ilhali filimbi ya upepo dirishani ni rahisi kuishughulikia.

Tukumbuke pia kwamba gari dogo linapozidi mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kelele ya tairi kwa kawaida huishinda ile ya injini. Mwenye gari anayetandika boneti lake ilhali shida yake iko kwenye barabara kuu huenda amefunga dirisha na kuacha mlango wazi.

Kabla ya kufungua pochi

Hatua ya kwanza haina gharama. Toa ndani ya gari kila kinachogongana: jeki, spana, chupa, vitu vya kwenye buti. Pima upepo wa tairi ukilinganisha na kibandiko kilichoko kwenye fremu ya mlango wa dereva, kwa kuwa tairi iliyojazwa kupita kiasi hunguruma na kuruka zaidi. Kisha pitisha kiganja juu ya tairi, gari likiwa limesimama na kuzimwa. Ukihisi meno kama ya msumeno, tairi imeliwa vibaya, na hakuna mkeka utakaoinyamazisha.

Hatua ya pili ni kuzisikiliza sauti zinazotoa taarifa ya ubovu. Mvumo unaopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, na unaobadilika gari linapokata kona upande mmoja, unaweza kuwa beringi ya gurudumu iliyochoka. Mlio wa kupasuka unaosikika zaidi gari likikazwa mwendo unaweza kuwa ekzosi iliyotoboka, nayo hutoa moshi wenye sumu usioonekana. Mgongano kwenye matuta ni dalili ya bushi au shokomzoba. Mtetemo mkubwa gari likiwa limesimama huku injini ikiwaka ni dalili ya raba za kushikia injini zilizokufa.

Tuchukulie mfano wa dereva wa teksi anayesikia mvumo nyuma ya gari lake. Anashauriwa kutandika sakafu yote na buti. Analipa, mvumo unapungua, naye anaridhika. Kumbe chanzo kilikuwa beringi ya gurudumu la nyuma, na sasa ile sauti iliyokuwa ikimwonya haisikiki tena. Beringi inaendelea kuchakaa hadi siku gurudumu linapoanza kucheza barabarani, abiria wakiwamo. Fedha zilizotumika kununua kimya ndizo zilizoficha hatari. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: kelele iliyoanza ghafla, au inayoongezeka wiki hadi wiki, ipelekwe kwa fundi kabla ya kupelekwa kwa muuza mikeka.

Hatua ya tatu ni kukagua raba za milango. Chukua ukanda wa karatasi, funga mlango ukiwa umeubana, kisha uvute. Ukitoka bila upinzani, raba ya mahali hapo haibani. Rudia kila baada ya sentimita 20 kuzunguka mlango mzima. Mara nyingi kusafisha raba, kurekebisha kipokeo cha kitasa, au kubadili raba ya mlango mmoja huondoa kelele ya upepo kuliko mikeka ya gari zima.

Nyenzo na kazi zake

Mkeka wa raba ya butili. Hii ni nyenzo ya kutuliza mtetemo. Upande mmoja una gundi ya raba hiyo, upande wa pili una alumini. Bati linapotetemeka, raba hunyooka na kujikunja kati ya bati na alumini, na nishati ya mtetemo hugeuka kuwa joto dogo lisilohisika. Mkeka wa unene wa milimita 2 huwa na uzito wa kilo 3 hadi 4 hivi kwa mita moja ya mraba. Hauzuii upepo, na haufyonzi mazungumzo. Kazi yake ni kulinyamazisha debe.

Mkanda wa lami wa kuzibia mapaa. Huu ndio unaofanana zaidi na mkeka wa butili na ndio unaouzwa mara nyingi kama mbadala wa bei ya chini. Lami hutuliza mtetemo kwa kiasi fulani, na watengenezaji wa magari wamekuwa wakitumia vibao vya lami sakafuni kwa miaka mingi. Lakini vibao hivyo vimechanganywa na kuunguzwa kwenye bati kiwandani kwa ajili ya kazi hiyo. Mkanda wa paa la nyumba hulainika unapopata joto. Dashibodi ya gari lililoegeshwa juani siku ya joto kali inaweza kufikia nyuzi 70 za Selsiasi, na bati la paa la gari jeusi halipishani nayo sana. Kwa joto hilo mkanda huo unaweza kuteleza, kutoa harufu na kuchafua vitambaa. Ukiwekwa ndani ya mlango, unaweza kudondokea kwenye mitambo ya kioo.

Sponji yenye vijishimo vilivyofungwa. Ni nyepesi, hainywi maji, na hupatikana katika unene wa milimita 3 hadi 10. Huondoa milio ya plastiki kusuguana na hupunguza joto la paa. Haizuii mngurumo wa barabara, kwa kuwa haina uzito. Muuzaji akiinadi kama kizuizi cha kelele zote, anaisifia kwa kazi isiyo yake.

Sponji ya godoro. Hii ni ya vijishimo vilivyo wazi. Ni kweli kwamba hufyonza sauti za juu, lakini hunyonya maji kama kitambaa cha deki, huozesha zulia na kukutisha bati, na ile isiyowekwa dawa hushika moto upesi na kutoa moshi wa hatari. Haifai kuwekwa mlangoni wala sakafuni.

Zulia nene la nyuzi zilizoshindiliwa. Hufyonza sauti zinazozunguka ndani ya gari na huwekwa chini ya zulia la juu au kwenye buti. Kanuni yake ni unene. Sauti yenye mitetemo 1,000 kwa sekunde ina urefu wa wimbi wa sentimita 34 hivi, na ili ifyonzwe vizuri huhitaji nyenzo yenye unene unaokaribia robo ya urefu huo, yaani kama sentimita 8. Sauti ya mitetemo 100 ina wimbi la mita 3.4. Hapo utaona kwa nini zulia la sentimita 2 hupunguza makali ya sauti za juu lakini halitauondoa mngurumo wa chini.

Mkeka mzito wa vinaili. Huu ndio ukuta wenyewe. Aina iliyozoeleka ina uzito wa kilo 5 hivi kwa mita ya mraba. Hufanya kazi vizuri sakafuni, lakini ni ghali, ni mzito, na hutaka kuunganishwa bila kuacha mwanya. Kwa mwenye bajeti ndogo huwa wa mwisho katika orodha.

Trei za mayai na povu la kopo. Trei za karatasi hazina uzito wa kuzuia wala unene wa kufyonza, na huwaka upesi. Povu la kujazia nyufa za ujenzi likipuliziwa ndani ya mlango au kizingiti cha gari hufungia maji humo, hukwamisha mitambo ya kioo, na haliondoleki kwa urahisi. Tunawashauri walaji kuviepuka vyote viwili.

Majaribio manne kabla ya kununua nyingi

Omba au nunua kipande kimoja kwanza. Muuzaji anayeiamini bidhaa yake hatakataa.

1. Mizani. Pima kipande, kisha piga hesabu ya uzito kwa mita ya mraba. Mkeka unaodaiwa kuwa wa butili wa milimita 2 ukionekana kuwa na kilo 1 tu kwa mita, si huo unaodaiwa. Angalia pia kwamba unene uliotajwa haujumuishi karatasi ya kubandulia.

2. Jua. Bandika kipande cha sentimita 10 kwenye bati safi lililosimamishwa wima. Chora mstari kwenye ukingo wake wa juu. Kiache juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri, kwa siku tatu. Kikishuka chini ya mstari, au kikitoa majimaji meusi pembeni, kiache dukani.

3. Harufu. Weka kipande ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko, uiache juani kwa saa mbili, kisha ufungue na kunusa kwa uangalifu. Harufu kali ya lami au ya mafuta ya taa ndiyo utakayosafiri nayo pamoja na watoto wako.

4. Maji. Kwa sponji peke yake: ipime, izamishe ndooni kwa kuikandamiza na jiwe usiku kucha, ikaushe juujuu na uipime tena. Iliyoongezeka uzito sana haifai gari.

Kuhusu moto, hatushauri mtu ajaribu nyumbani. Muulize muuzaji kama bidhaa imepimwa, na aonyeshe maandishi. Kwa kulinganisha, kiwango namba 302 cha usalama wa magari cha Marekani kinataka nyenzo za ndani ya gari zisiungue kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Bidhaa iliyopimwa kwa kiwango hicho au kinacholingana nacho kwa kawaida hutaja jambo hilo kwenye karatasi ya maelezo.

Hesabu ya bei

Bei ya pakiti haina maana mpaka ijulikane pakiti ina nini. Tutumie bei za mfano.

Pakiti ya kwanza ina vipande 10 vya sentimita 50 kwa 40. Kila kipande ni mita 0.2 za mraba, hivyo pakiti ni mita 2. Inauzwa shilingi 90,000, yaani 45,000 kwa mita. Pakiti ya pili ina vipande 20 vya sentimita 30 kwa 25. Kila kipande ni mita 0.075, hivyo pakiti ni mita 1.5. Inauzwa shilingi 75,000, yaani 50,000 kwa mita. Kwa hiyo pakiti yenye bei ndogo na vipande vingi ndiyo yenye gharama kubwa zaidi kwa eneo.

Lakini tusiishie hapo. Tuseme ya kwanza ina uzito wa kilo 5, sawa na kilo 2.5 kwa mita, na ya pili kilo 6, sawa na kilo 4 kwa mita. Ya kwanza inakugharimu shilingi 18,000 kwa kilo. Ya pili 12,500. Ikiwa zote ni za raba ya aina moja na zote zimefaulu jaribio la jua, ya pili inakupa nyenzo nyingi zaidi kwa fedha yako. Hakikisha pia vipimo viko katika mita au futi: mita moja ya mraba ni futi 10.76 za mraba, na wapo walionunua futi wakidhani ni mita.

Kiasi gani kinatosha, na wapi?

Hapa ndipo mlaji anapoweza kuokoa fedha nyingi. Mkeka wa kutuliza mtetemo hauhitaji kufunika bati lote. Bati hutetemeka zaidi katikati ya uwanda wake, mbali na mikunjo na kingo. Ukifunika robo hadi theluthi ya eneo, ukiwa umeweka kipande katikati, umepata sehemu kubwa ya faida. Kufunika asilimia 100 huongeza gharama na uzito kuliko kunavyoongeza utulivu. Gari lililotandikwa mita 12 za mkeka wa kilo 4 limebeba kilo 48 za ziada kila siku, karibu sawa na abiria mmoja mwembamba asiyeshuka.

Kwa bajeti ndogo tunapendekeza mpangilio huu. Kwanza, rekebisha ubovu na raba za milango. Pili, weka mkeka wa butili kwenye bati la nje la milango ya mbele, ukiufikia kwa ndani. Tatu, weka kwenye sehemu zinazofunika magurudumu ya nyuma na sakafu ya buti, hasa kwa magari yenye buti lililoungana na chumba cha abiria, ambako kelele za tairi hazina kizuizi. Nne, ongeza zulia nene la nyuzi katika sehemu hizo hizo. Baada ya kila hatua, endesha gari kwa siku chache kabla ya kuamua kama hatua inayofuata inahitajika. Wengi huridhika kabla ya kufika ya nne.

Bati lisafishwe kwa spiriti hadi litoe kitambaa kisafi, na liwe kavu. Mkeka ukandamizwe kwa rola ndogo hadi usibaki na vipovu vya hewa, kwa maana maji yakijikusanya humo huleta kutu. Vaa glavu, kingo za alumini hukata kama wembe.

Mipaka ambayo haipaswi kuvukwa

Maji ya mvua huingia ndani ya mlango kupitia mfereji wa kioo na kutokea matundu yaliyoko chini. Matundu hayo yasizibwe kamwe. Plastiki iliyobandikwa nyuma ya pambo la ndani la mlango irudishwe mahali pake, kwani ndiyo inayozuia maji yasiingie kwenye zulia.

Usibandike chochote juu ya mifuko ya hewa ya usalama, nyaya zake, wala njia zake kwenye kingo za dari na nguzo za pembeni. Baadhi ya magari yana kihisio cha mgandamizo wa hewa ndani ya mlango, kinachotambua ajali ya ubavuni. Fundi asizibe uwazi wa mlango bila kuusoma mwongozo wa gari husika. Kabla ya kutoa viti, betri ichomolewe na kuachwa kwa dakika kadhaa, kwa kuwa chini ya viti hupita nyaya za mifuko hiyo.

Kwenye magari ya haibridi, nyaya za rangi ya chungwa hubeba umeme mkubwa unaoua. Zisiguswe. Matundu ya kupoza betri, ambayo katika baadhi ya magari yako kando ya kiti cha nyuma, yasifunikwe. Kwa gari lililofungwa mfumo wa gesi asilia, usifunike mtungi, mabomba yake wala njia za kupitisha hewa kwenye buti.

Usiweke nyenzo yoyote ya kawaida karibu na ekzosi. Usiongeze unene chini ya pedali, kwani pedali ya breki isiyofika mwisho haina thamani ya kimya chochote.

Kupima matokeo

Programu za simu za kupima sauti hazina usahihi wa chombo cha maabara, lakini zinafaa kulinganisha kabla na baada. Tumia simu ile ile, ikishikwa na abiria mahali pale pale, kwenye kipande kile kile cha barabara, kwa mwendo ule ule, madirisha yakiwa yamefungwa na feni imezimwa. Rudia mara tatu na uchukue wastani.

Tafsiri namba kwa kiasi. Kupungua kwa desibeli 3 ni kupungua kwa nusu ya nishati ya sauti, lakini sikio hulihisi kama badiliko dogo. Ili mtu aseme kelele imepungua nusu, huhitajika desibeli 10 hivi. Kazi ya gharama nafuu hutoa desibeli chache, pamoja na faida ambayo namba haionyeshi vizuri: mlango unaofunga kwa kishindo kizito, plastiki zisizolia, na spika zisizotikisa bati. Anayekuahidi kimya kamili kwa bei ndogo anakuahidi asichoweza kukitoa.

Haki za mnunuzi

Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, mnunuzi akimjulisha muuzaji wa bidhaa za aina hiyo kusudi la ununuzi wake, na akautegemea ujuzi wa muuzaji, bidhaa inapaswa kufaa kwa kusudi hilo. Kwa hiyo usiseme tu, "Nipe mkeka." Sema, "Nataka mkeka wa kubandika ndani ya mlango wa gari linaloegeshwa juani," na uombe maneno hayo yaandikwe kwenye risiti. Mkanda wa paa ukiyeyuka baada ya hapo, una hoja ya kudai. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji katika biashara.

Dai risiti ya kielektroniki, hifadhi kibandiko cha pakiti, na piga picha za kazi kabla pambo la mlango halijarudishwa. Mkataba na fundi utaje aina ya nyenzo, mita za mraba na sehemu zitakazotandikwa. Kukitokea kasoro, anza kwa muuzaji kwa maandishi; asipokujibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na vielelezo hivyo.

Maswali ya kujipima

1. Ni sauti zipi za gari zinazopaswa kupelekwa kwa fundi kabla ya kununua nyenzo yoyote?
2. Kwa nini raba ya mlango iliyokakamaa inaweza kuharibu faida ya mkeka mzito?
3. Pakiti ina vipande 8 vya sentimita 50 kwa 50, ina uzito wa kilo 6, na inauzwa shilingi 84,000. Bei yake ni kiasi gani kwa mita ya mraba, na kwa kilo?
4. Taja sehemu nne za gari ambazo hazipaswi kuzibwa wala kufunikwa.

Jibu la swali la tatu ni shilingi 42,000 kwa mita na 14,000 kwa kilo. Yaliyobaki yamo katika somo. Wahenga walituachia usemi kwamba rahisi huvunja upishi. Sisi tunaongeza kwamba si kila cha bei ndogo ni duni, wala si kila cha bei kubwa ni bora: kipande kimoja kilichokaa juani siku tatu kitakueleza zaidi kuliko maneno ya dukani.